Fedha Yetu na Taa ya Jirani: Nasaha juu ya Kuwekeza katika Umeme wa Jua na Simu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini baada ya sala ya Isha)



Wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, ndugu zangu na vijana wetu. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya katika nyumba Yake, na tunamwomba rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye hata kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara aliyeaminiwa na mali za watu.

Nimeanza na sifa hiyo kwa sababu maneno ya leo yahusu biashara. Baadhi yenu mmeuliza: Je, yafaa Mwislamu aweke akiba yake katika makampuni yanayowauzia watu wa vijijini umeme wa jua na simu kwa malipo ya kidogo kidogo? Wapo wanaosema kwamba ni biashara njema kwa kuwa inaleta nuru mahali penye giza. Wapo pia wanaosema kwamba ni riba iliyovikwa kanzu mpya. Kwa maoni yangu, jibu la swali hili halimo katika paneli wala katika simu. Limo katika mkataba, na ndani ya mkataba limo mahali pamoja hasa: ni nani anayebeba hasara mambo yanapoharibika?

BIASHARA HII ILIVYOANZA

Kusini mwa Sahara wapo watu wapatao milioni 600 wasio na umeme nyumbani. Anayekaa gizani si kwamba hatumii fedha kwa ajili ya mwanga. Hununua mafuta ya taa kwa kipimo kidogo kila jioni, na mnajua wenyewe kwamba anayenunua kwa kipimo kidogo hulipa bei kubwa kuliko tajiri anayenunua kwa pipa. Zaidi ya hayo huvuta moshi wa kibatari, na huishi na hofu ya moto. Kwa hiyo shida yake haikuwa kukosa fedha kabisa. Shida yake ilikuwa kwamba fedha humjia kidogo kidogo, na paneli huuzwa kwa mkupuo.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni kwamba kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli za jua duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90. La pili ni fedha za simu. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwezi wa Machi, 2007. Inafaa kukumbuka kwamba jaribio lake la mwaka 2005 lilikusudiwa kuwasaidia watu kulipia mikopo midogo, lakini watu wenyewe wakalitumia kupelekeana fedha, mjini na shamba. Miaka michache baadaye simu ikarudi kwenye kusudi lile la kwanza, yaani kulipia deni.

Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya mitambo midogo ya jua. Katika mmojawapo wa mipango yake ya awali, mnunuzi alitanguliza kiasi cha dola 35 za Marekani, kisha akalipa kwa simu kama senti 45 kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Jumla yake ni karibu dola 200, na baada ya hapo mtambo ukawa mali yake. Alipata paneli ndogo, taa, redio na mahali pa kuchajia simu. Ndani ya kisanduku cha mtambo imo laini ya simu. Malipo yakifika, taa huwaka. Yasipofika, huzimwa kutoka mbali. Kampuni hiyo baadaye iliuza pia simu za kisasa na pikipiki za umeme kwa njia hiyo hiyo, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa imewahudumia wateja zaidi ya milioni 3.

BEI YA MKOPO NA RIBA

Sasa tuje kwenye shaka ya kwanza. Anayelipa taslimu hulipa kidogo, naye anayelipa kwa mwaka mzima hulipa zaidi. Je, ziada hiyo ni riba?

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, imetenganisha biashara na riba, na ikawakemea waliodai kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Wanazuoni wengi wameona kwamba muuzaji anaruhusiwa kuweka bei kubwa zaidi kwa mauzo ya mkopo, maadamu kitu kinachouzwa kipo, bei moja imekubaliwa tangu siku ya mkataba, na bei hiyo haiongezeki tena. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitoa uamuzi wa namna hiyo mwaka 1990. Uamuzi huo huo ulikataza kumwongezea deni mnunuzi aliyechelewa. Hapo ndipo ulipo mpaka, ndugu zangu. Bei iliyokubaliwa ni biashara. Faini inayozaliana kwa kuwa mtu hakupata fedha wiki hii ni riba, hata ikiitwa gharama ya huduma.

Lakini ili bei iwe imekubaliwa, sharti ijulikane. Ukimwambia mtu "senti 45 tu kwa siku" bila kumwambia jumla, hujamwambia bei. Qur'ani imeagiza deni liandikwe, na anayeandika aandike kwa uadilifu. Mkataba wa leo huandikwa ndani ya simu, kwa herufi ndogo, na pengine kwa lugha asiyoielewa mwenye kudaiwa. Maandishi ya namna hiyo yapo kwa jina tu.

TAA INAYOZIMWA KUTOKA MBALI

Shaka ya pili ni juu ya kufuli. Wengi huona ni ukatili kumzimia taa maskini kwa sababu ya malipo ya siku chache. Nami nawaomba tulitazame jambo hili kwa pande zake zote mbili.

Kwa upande mmoja, katika mipango mingi ya namna hii taa ikizimwa deni halikui. Siku husogea mbele tu. Mvuvi ambaye bahari imechafuka hawezi kulipa wiki mbili. Hukaa bila taa wiki mbili, kisha huendelea pale alipoachia. Linganisheni na mkopeshaji wa mtaani, ambaye kila wiki ya kuchelewa huongeza juu ya deni. Katika jambo hili kufuli lina huruma kuliko faini.

Kwa upande wa pili, huruma hiyo ina kikomo. Mama aliyelipa miezi kumi kati ya kumi na miwili, kisha akafiwa na mumewe na kuingia eda, akizimiwa taa na kunyang'anywa mtambo bila kurudishiwa chochote, amedhulumiwa. Qur'ani, katika sura hiyo hiyo ya Al-Baqara, imeagiza kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na ikaonyesha kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Mashine haiwezi kumtambua mwenye dhiki na kumtenganisha na mkaidi. Ni lazima awepo mtu wa kusikiliza, na mkataba umpe mtu huyo ruhusa ya kusamehe.

FEDHA INATOKA WAPI?

Sasa tufike kwenye swali la mwekezaji, ambalo ndilo kiini cha maneno yangu.

Kampuni ikiuza mitambo elfu moja kwa mkopo, leo haina fedha. Ina ahadi elfu moja. Ili inunue mitambo mingine humwendea mwenye mali, naye kwa kawaida hutoa fedha kwa njia mojawapo kati ya hizi tatu.

Njia ya kwanza ni mkopo wenye riba. Hukumu yake kwetu iko wazi, lakini tazameni pia matokeo yake. Mikopo mingi ya biashara hii imetolewa kwa dola, ilhali wateja hulipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifikia kiasi cha shilingi 160 za Kenya kabla ya shilingi kupata nguvu tena. Mkopeshaji wa ng'ambo hakuguswa na jambo hilo. Yeye alidai dola zake zile zile. Mzigo ulibaki kwa kampuni, na mwisho wake huwa kwa mnunuzi.

Njia ya pili ni kuzikusanya zile ahadi na kuziuza kwa wawekezaji. Mwaka 2023 kampuni ya Sun King, pamoja na benki ya Citi, ilipanga mpango wa aina hiyo nchini Kenya wenye thamani ya dola milioni 130, lakini kwa shilingi za Kenya. Kwa upande wa sarafu hiyo ni hatua njema. Hata hivyo Mwislamu anapaswa kusimama na kuuliza, kwa sababu kuuza deni kwa fedha taslimu pungufu kumekatazwa na wanazuoni walio wengi, ingawa wapo wa Malaysia walioliruhusu kwa masharti.

Njia ya tatu ni kumiliki kitu chenyewe. Wawekezaji hununua mitambo, huikodisha, na kodi ikitimia humilikishwa mkodishaji. Huu ndio msingi wa hati nyingi za sukuk. Malaysia ilitoa mwaka 2017 sukuk ya kijani ya kwanza duniani, ya ringgit milioni 250, kwa ajili ya umeme wa jua huko Sabah. Indonesia ilifuata mwaka 2018 kwa sukuk ya serikali ya dola bilioni 1.25. Katika ukodishaji wa kweli, paneli ikiharibika bila kosa la mkodishaji, kodi husimama, na hasara ni ya mwenye paneli. Wanafunzi wa fiqhi wanaijua kanuni hii: pato huambatana na dhima. Asiyekubali kuumia pamoja na jirani yake hana haki ya kuneemeka kwa mgongo wake.

HASARA IPO KWELI

Asije mtu akadhani kwamba hasara ninayoisema ni ya vitabuni tu. Kampuni ya Mobisol ya Berlin iliyouza mitambo ya jua Tanzania, Rwanda na Kenya iliingia katika ufilisi mwaka 2019, kisha ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Nchini Bangladesh, mpango ulioanza mwaka 2003 ulifikisha mitambo ya jua katika nyumba zaidi ya milioni 4, jambo la kupigiwa mfano duniani. Lakini nguzo za umeme wa serikali zilipofika vijijini mapema kuliko ilivyotarajiwa, wanunuzi wengi waliacha kulipa, na waliokopesha wakabaki na madeni yasiyokusanyika. Taa ilikuwa njema na watu walikuwa waaminifu. Hali ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukipata ujumbe katika simu ukikuahidi kwamba fedha yako itawekwa katika umeme wa jua na utapata faida maalumu kila siku, bila hasara kamwe, jua kwamba mtu huyo hazungumzii umeme wa jua. Kampuni kubwa zenye wahandisi zimeanguka katika kazi hii. Anayekuahidi faida isiyo na hasara ama anakuita kwenye riba, ama anakuita kwenye wizi.

MASHARTI MANNE

Basi nausia mambo manne kwa yeyote anayetaka kuweka mali yake huku, awe mtu mmoja, chama cha akiba au kamati ya wakfu.

Kwanza, aulize jumla ya bei anayolipa mnunuzi wa mwisho, na kama mnunuzi mwenyewe ameambiwa kwa lugha anayoielewa.

Pili, aulize kinachotokea mtu anapochelewa. Kama deni linakua, aondoke.

Tatu, aulize fedha yake itakuwa nini: mkopo, deni lililonunuliwa, au sehemu ya mali yenyewe na hatari yake. Asiyeweza kujibiwa kwa maneno mepesi asiweke.

Nne, aulize ni nani atakayetengeneza mtambo ukiharibika, na betri ikifa itapelekwa wapi. Si haki kumwachia jirani nuru ya miaka mitatu na sumu kisimani.

Na tuanze na yaliyo karibu nasi. Moroko ilitangaza mwaka 2016 mpango wa kupunguza gharama za umeme katika misikiti 600 kwa taa zisizokula umeme mwingi na mitambo ya jua. Sisi hatuna hazina ya serikali, lakini tunayo sanduku la wakfu na tunao mafundi. Wakfu ukinunua mitambo kumi na kuwakodisha majirani kumi kwa kodi ya haki, tutajifunza kwa hasara ndogo yale ambayo wengine waliyajua kwa hasara kubwa. Na mmoja wa majirani hao atakapokwama, atakuwa anabisha hodi katika mlango anaoujua, na aliye ndani atakuwa anajua jina lake na hali yake.

Ndugu zangu, jirani akiwasha taa usiku, watoto wake wakasoma, na sehemu ya kodi yake ikarudi kuujenga msikiti anaoswalia, hiyo ni biashara ambayo pande zote mbili zinaweza kuielezea Siku ya Hesabu bila kuinamisha uso. Tumwombe Mwenyezi Mungu azitakase mali zetu, azipe baraka biashara zetu, na asitufanye kuwa wenye kuula mwanga wa maskini kama walivyouliwa jana giza lao.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.