Kusoma Tu: Seva za Kujengea Programu na Siri za Watu



Nianze na kaye, yaani daftari. Kila mwenye kabini ya kutuma pesa pale Boulevard de Libération, hapa Bunia, anayo moja mezani: tarehe, nambari ya simu, kiasi, sahihi. Mteja akiinama kuandika nambari yake, mwenye kabini huifunika mistari ya juu kwa kiganja. Kiganja kile kinajua jambo ambalo sisi wahandisi tumechelewa kulijua. Anayetaka kukudhuru hana haja ya kuiba kaye, akiisoma, imetosha.

Sasa tuingie kwenye seva. Programu ya simu unayoitumia haitoki moja kwa moja mkononi mwa aliyeiandika. Iko seva inayokusanya msimbo wa waandishi wote, ikauunganisha, ikaujaribu, kisha ikaupeleka kwenye mashine zinazohudumia wateja. Seva ya aina hiyo inayojulikana sana ni Jenkins. Kohsuke Kawaguchi ndiye aliyeianzisha alipokuwa Sun Microsystems, kwa jina la Hudson. Jina la sasa ni la 2011. Ili ifanye kazi usiku watu wamelala, ni lazima ikabidhiwe funguo: za ghala la msimbo, za hifadhidata, za mashine za wateja. Na funguo hizo zinakaa ndani ya faili.

Tarehe 24 Januari 2024, timu ya usalama ya Jenkins ilitangaza udhaifu uliopewa nambari CVE-2024-23897. Mgunduzi ni Yaniv Nizry wa kampuni ya Sonar. Jenkins hupokea amri kutoka mbali, na maktaba iliyokuwa ikizichambua amri hizo ilikuwa na huduma ndogo ya kumrahisishia mtu kazi: akiandika alama ya @ na kufuatisha njia ya faili, maktaba inaifungua faili ile na kuweka yaliyomo mahali pa maneno yake. Faili yenyewe ni ya seva, si ya aliyetuma amri. Amri iliyovurugika hivyo hukataliwa, lakini ujumbe wa kosa unarudi ukiwa umebeba mistari ya faili. Mlinzi anakufukuza mlangoni huku akikusomea barua za mwenye nyumba.

Asiye na ruhusa yoyote aliweza kupata mistari 3 ya kwanza. Mwenye ruhusa ndogo ya kutazama alisoma faili nzima. Mistari 3 inaonekana michache mpaka ukumbuke kwamba nywila au ufunguo huandikwa katika mstari mmoja. Wala hii haikuwa mara ya kwanza: Julai 2018 Jenkins hiyohiyo ilirekebishwa kwa sababu faili zake ziliweza kusomwa kupitia sehemu ya ombi inayotaja lugha ya msomaji. Kwa hiyo siwakubalii wanaouweka udhaifu wa kusoma faili chini ya orodha yao ya kazi. Kwenye seva inayoshika funguo, kusoma ndiko kumiliki.

Wahindi waliona matokeo. Mwishoni mwa Julai 2024, benki ndogo karibu 300 zilitengwa na mtandao wa malipo wa taifa baada ya washambulizi kufunga data za kampuni iliyozihudumia na kudai fidia. Watafiti wa CloudSEK walieleza kwamba mlango wa kwanza ulikuwa seva ya Jenkins ya mshirika wake. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani iliuweka udhaifu ule wa Januari 2024 kwenye orodha ya udhaifu unaotumiwa na wahalifu. Marekebisho yalikuwa yamekwisha kutolewa tangu Januari.

Hapa jirani, Oktoba 2020, tatizo kwenye mfumo wa kampuni ya kati lilikatiza utumaji wa pesa baina ya benki na simu nchini Uganda. Silitaji kwa sababu ya Jenkins. Nalitaja kwa umbo lake: mama wa sokoni alikwama kwa kosa la kampuni ambayo hajawahi kusikia jina lake.

Lakini kwetu Ituri pesa si jambo kubwa kuliko yote. Kati ya 2018 na 2020, Ebola ilipoua watu 2,287 hapa na Kivu Kaskazini, timu za afya ziliandika majina ya waliogusana na wagonjwa, mitaa yao, simu zao. Leo kambi za waliokimbia Djugu na Irumu zina orodha zake. Jina na kijiji tu, na mtu wa hapa anajua wewe ni wa nani. Tumezika watu wengi mno kwa kujulikana namna hiyo. Faili kama hiyo ikisomwa na mtu mbaya, hakuna sasisho litakalomrudishia mtu usiri wake.

Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali (Code du numérique) tangu 13 Machi 2023, na ni vizuri. Sheria, hata hivyo, haiingii ndani ya seva kubadilisha toleo.

Basi wanafunzi wangu, nawaomba hivi. Kesho, kabla ya somo la kwanza, kila mwenye kusimamia seva ya kujengea programu aangalie toleo lake. Ikiwa ni Jenkins iliyo chini ya 2.442, au chini ya 2.426.3 kwa toleo la muda mrefu, aizime kwanza, aweke toleo la karibuni kabisa, kisha abadilishe kila ufunguo uliowahi kukaa ndani yake.