Mishale Miwili: Kemia ya Jiko la Mkaa

Maongezi haya yalitolewa na mganga mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, mbele ya wanafunzi wa kemia wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Yasome, kisha mpe na mwenzako.

Kaeni.

Mwalimu wenu aliponialika aliniambia kwamba mada yenu ni mimenyuko ya kemikali, msawazo na myeyusho. Nikamwuliza, "Sasa mimi mganga naingiaje hapo?" Akanijibu, "Njoo uwaambie yanatumika wapi. Wao wanadhani yanatumika kwenye mtihani tu." Basi nimekuja, na nimebeba vitu viwili: chupa ya soda na jiko la mkaa. Jiko halijawashwa, msiogope.

Tuanze na soda. Itazameni kabla sijaifungua. Mnaona povu? Hakuna. Soda ni myeyusho. Maji ndiyo yanayoyeyusha. Sukari na gesi ya kabonidayoksaidi, yaani CO2, ndivyo vilivyoyeyushwa. Chini ya kizibo kuna nafasi ndogo, nayo imejaa gesi ileile, imeshindiliwa kwa nguvu.

Je, humo ndani kumetulia? Kwa macho, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba kila wakati kuna chembe za gesi zinazotoka majini kwenda juu, na nyingine zinazotoka juu kuingia majini. Zinazotoka ni sawa na zinazoingia. Huo ndio msawazo. Ni kama basi linalopita vituoni: wanashuka watano, wanapanda watano. Basi limejaa vilevile, lakini abiria si walewale. Ndiyo maana mwalimu akiandika msawazo ubaoni anachora mishale miwili, mmoja unaenda kulia na mwingine kushoto. Usisahau ule wa pili.

Sasa nafungua. Pshhh! Mmesikia? Mgandamizo wa juu umepungua, kwa hiyo gesi iliyoyeyuka inatoka. Mwingereza William Henry alilieleza jambo hili mwaka 1803: kadiri gesi inavyogandamiza juu ya maji, ndivyo inavyoyeyuka kwa wingi. Halafu mwaka 1884 Mfaransa Henri Le Chatelier akatupa kanuni pana zaidi: ukiusumbua msawazo, unahamia upande ule unaopunguza usumbufu huo. Ukiongeza kitu upande mmoja, unasukumwa kwenda upande wa pili. Ukiondoa, unarudi. Shikeni maneno hayo mawili, kuongeza na kuondoa, tutayahitaji.

Tuje kwenye jiko. Hewa inaingia chini kupitia matundu na kukutana na mkaa wa moto. Mkaa ni kaboni. Kaboni na oksijeni vinaungana, tunapata CO2 na joto jingi. Wengi mnaishia hapo kwenye daftari. Lakini ile CO2 haijatoka bado. Inapanda kupitia makaa mengine ya moto yaliyo juu yake, na hapo kuna mmenyuko mwingine wenye mishale miwili: CO2 na kaboni upande mmoja, CO mbili upande wa pili. Joto likiwa kali, mmenyuko unasukumwa upande wa CO. Hiyo ndiyo kabonimonoksaidi, gesi yenye oksijeni moja tu.

Mmewahi kuona ule moto wa buluu unaocheza juu ya makaa? Ni CO inaungua. Ikipata hewa ya kutosha na joto, inageuka kuwa CO2. Jiko likiishiwa hewa, au makaa yakianza kupoa, CO inatoka bila kuungua na kuingia chumbani. Haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Watu wengi husema, "Ngoja moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo tuliingize ndani." Jamani, moshi ni kitu kingine na CO ni kitu kingine. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo bado yanatoa CO.

Sasa twende kwenye damu. Ndani ya chembe nyekundu kuna himoglobini. Kazi yake ni kupokea oksijeni mapafuni na kuishusha mwilini. Hapo pia pana mishale miwili. Mapafuni oksijeni ni nyingi, himoglobini inaibeba. Kwenye misuli na ubongo oksijeni ni chache, himoglobini inaiachia. Mungu ametupa msawazo unaokwenda na kurudi kila tunapovuta pumzi. Kama himoglobini ingeshika oksijeni bila kuiachia, tungekufa damu ikiwa imejaa oksijeni.

CO nayo inashika palepale oksijeni inapokaa. Na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni! Kwa hiyo haihitaji kuwa nyingi chumbani. Kidogo tu, kwa saa kadhaa za usingizi, kinatosha kuwashusha abiria halali na kukaa kwenye viti vyao. Zaidi ya hapo, himoglobini iliyokwisha kushikwa na CO hata ile oksijeni iliyobaki nayo inaiachia kwa shida. Mwili unapata hasara mara mbili.

Sasa naomba niwaambie jambo ambalo si rahisi kulisema.

Ilikuwa Juni mwaka 2011, na mnajua Juni ya huku kwetu ilivyo. Siku ya Jumatatu alikuja binti mmoja wa Kidato cha Tatu. Alikuwa amepanga chumba na mdogo wake wa Kidato cha Kwanza, kwa kuwa nyumbani kwao ni mbali na shule. Alisema kichwa kinamwuma, anasikia kichefuchefu, na miguu haina nguvu. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Homa pia hakuwa nayo. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia anywe maji, apumzike. Akaenda kupumzika kwenye chumba kilekile.

Alhamisi asubuhi mwenye nyumba aligonga mlango wao, kimya. Wakauvunja. Yule mkubwa aliletwa kwetu hajitambui. Mdogo wake alikuwa amekwisha kufariki. Jiko lilikuwa kando ya kitanda, limebaki majivu. Dirisha walikuwa wameliziba kwa kanga ili baridi isiingie.

Jumatatu ile nilimwuliza yule binti maswali mengi. Sikumwuliza mawili: "Mnalala na jiko ndani?" na, "Je, mdogo wako naye anaumwa kichwa?" Baadaye niliambiwa kwamba wote wawili walikuwa wanaamka na kichwa kizito kila asubuhi, na wakifika shuleni, kwenye hewa safi, kinapungua. Dalili zote zilikuwepo. Mimi sikuziuliza.

Tulimwekea oksijeni, akapona. Siku moja kabla ya kuondoka aliniambia, "Daktari, hiyo gesi tumeisoma. Ila sikujua ndiyo ya jiko letu." Maneno hayo ndiyo yamenileta hapa leo.

Mtauliza, oksijeni ilimponyaje wakati CO inashika kwa nguvu hivyo? Mnakumbuka kuongeza na kuondoa? Inashika kwa nguvu, lakini mshale wa kurudi upo. Ukimtoa mgonjwa kwenye ile gesi, umeondoa CO upande mmoja. Ukimpa oksijeni nyingi, umeongeza upande wa pili. Msawazo unarudi. Mtu akivuta hewa ya kawaida, CO iliyo kwenye damu yake inachukua kama saa 4 hadi 6 kupungua kufikia nusu. Akivuta oksijeni tupu kwa barakoa, inachukua kama saa 1 hadi 1 na nusu. Hiyo ni Le Chatelier wodini!

Mskoti mmoja, John Scott Haldane, mwaka 1895 aliivuta gesi hii yeye mwenyewe huku damu yake ikipimwa. Asijaribu mtu! Mwaka huohuo aliwaweka panya kwenye chombo chenye CO pamoja na oksijeni iliyoshindiliwa kufikia mara mbili ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Panya walibaki wazima ingawa himoglobini yao ilikuwa imetekwa. Kwa nini? Rudini kwenye soda. Oksijeni iliyoshindiliwa iliyeyuka moja kwa moja kwenye majimaji ya damu, ikawatosha panya bila kutegemea himoglobini. Henry na soda yake, wamo ndani ya damu.

Basi tufanye nini? Najua baridi ni ya kweli. Najua pia mlango hauachwi wazi usiku kwa sababu ya wezi. Sitawaambia mlale na baridi. Nasema hivi: pikeni nje au mahali penye hewa inayopita. Chemsheni maji, yatieni kwenye chupa au dumu dogo linalofungwa vizuri, lizungushieni nguo, mwingie nalo kitandani. Laleni wawili blanketi moja juu ya jingine. Lakini jiko libaki nje, hata kama linaonekana limezimika. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemea. Na jenereta nayo isiwashwe ndani wala barazani karibu na dirisha, maana inatoa gesi hiyohiyo.

Ukimkuta mtu ameanguka ndani ya chumba chenye jiko, usikae humo ukimwamsha. Piga kelele upate msaada, fungua milango, mtoe nje haraka, kisha hospitali. Mkifika semeni wazi: "Kulikuwa na jiko ndani." Msione aibu. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni ni nzuri kabisa, kwa sababu hakiwezi kutofautisha himoglobini yenye oksijeni na yenye CO. Maneno yenu yanaweza kumsaidia mganga kuliko kifaa. Na mama mjamzito apelekwe hata kama anajisikia nafuu, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Nimemaliza. Maswali?

Swali: Daktari, nyumbani tunaambiwa tukiweka beseni la maji karibu na jiko, maji yananyonya gesi. Ni kweli?

Jibu: Swali zuri, na jibu mnalo wenyewe. Gesi hazilingani katika kuyeyuka. CO2 inayeyuka vizuri, ndiyo maana tuna soda. CO inayeyuka kwa shida mno. Hata ukiwa na CO tupu juu ya lita 1 ya maji, inayeyuka kama gramu 0.03 tu. Na chumbani haiwi tupu, imechanganyika na hewa, kwa hiyo kwa kanuni ya Henry itayeyuka kidogo zaidi ya hapo. Beseni linakudanganya tu ulale.

Swali: Je, nikilala kitanda cha juu, au chini sakafuni?

Jibu: Pigeni hesabu. Kaboni 12, oksijeni 16, jumla 28. Hewa ni kama 29. Uzito unakaribiana, kwa hiyo CO inachanganyika na hewa chumba kizima. Juu ipo, chini ipo.

Swali: Tukimpa maziwa si yanaua sumu?

Jibu: Maziwa yanakwenda tumboni, sumu hii iko kwenye damu. Tena mtu asiyejitambua ukimnywesha chochote anaweza kupaliwa akafa kwa hilo. Dawa yake ni hewa safi na oksijeni.

Swali: Nitajuaje kama ni malaria au ni hiyo gesi?

Jibu: Hapo ndipo mimi nilipokosea, kwa hiyo sikiliza vizuri. Jiulize: Je, wote chumbani tunaumwa pamoja? Je, ninapata nafuu nikitoka nje? Je, kuna kitu kinachowaka ndani? Jibu likiwa ndiyo, toeni jiko kwanza, kisha nendeni hospitali mkaeleze. Malaria nayo ipimwe, usiache. Lakini usirudi kulala kwenye chumba kilekile na jiko lilelile.

Haya wanangu. Mtihani wa kemia ukishindwa unarudia. Huu wa chumbani haurudiwi. Leo jioni kila mmoja akamweleze mtu mmoja nyumbani, kwa Kiswahili chepesi, bila mlinganyo wowote: "Jiko lisilo na moshi bado linaua." Hii soda sasa imekwisha nguvu, nani anaitaka?

KUMBUKA

• Usilale na jiko la mkaa chumbani, liwe linawaka au linaonekana limezimika.
• Makaa mekundu bila moshi bado yanatoa CO. Huwezi kuiona wala kuinusa.
• Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea kwa watu wote wa chumba kimoja ni dalili ya hatari.
• Toka nje, mtoe na mwenzako, nendeni hospitali, na semeni kwamba kulikuwa na jiko ndani.