Kwa Nini Yai Huganda Motoni

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari ya jambo lionekanalo jikoni kila siku, wala hapana aliulizaye: kwa nini samli huyeyuka motoni, na yai huganda?

Ute wa yai bichi ni maji kwa karibu sehemu tisa katika kumi. Ndani ya maji hayo mna protini, nazo ni nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, kila moja imekunjamana kama kidonge cha uzi. Vidonge hivyo huelea mbalimbali, ndiyo sababu ute humiminika. Joto likizidi hukunjuka. Nyuzi zikikutana hushikana, zikawa wavu, na maji yakanaswa katika matundu yake. Bonyeza kwa kidole ute ulioiva: wabonyea, kisha warudi mahali pake, kwa kuwa wavu ule hunyumbuka.

Si protini zote zikunjukazo pamoja. Iitwayo ovotransferini huanza kushikana kwa joto la digrii 61 hivi za Sentigredi. Ovalbumini, iliyo zaidi ya nusu ya protini za ute, hungoja mpaka 80 au zaidi. Ndipo ute huwa mgumu.

Na mchuzi wa kongoro je? Huo huganda ukipoa, na ukipashwa moto huyeyuka tena, maana nyuzi zake hushikana kidogo tu. Za yai hufungamana hata zisifunguke.

Zamani tulipokuwa chuoni, tulipewa zamu ya kumwuguza mwenzetu mwenye homa, asiyeweza kumeza kitu kigumu. Mayai yalikuwa matatu tu. Tukayapiga pamoja na maziwa, tukateleka juu ya moto mkali, tukaenda kuchota maji. Tuliporudi tulikuta mabonge yakielea katika maji ya manjano: wavu ulikuwa umejikaza mno hata ukayakamua maji yake. Mgonjwa alionja kijiko kimoja, akageukia ukutani. Tuliona haya sana, kwa kuwa siku ile mayai mengine hayakupatikana.

Mama mmoja mpishi akatuonyesha njia. Bakuli la maziwa na mayai huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto yasiyotokota, likaachwa pole pole mpaka kisu kikichomwa katikati kitoke safi. Na yaive kweli, hasa kwa mgonjwa na mtoto mchanga, kwani vijidudu vya maradhi huweza kukaa katika yai bichi.

Kesho yake tulipata mayai mawili, tukakaa papo hapo jikoni tusiondoke. Mwenzetu alimaliza bakuli lote.