Kuikataa Amri Ukiwa Mwenye Kuitoa: Uanakisti wa Peter Kropotkin



Naanza kwa kukuomba radhi, mwenyekiti, maana mada yangu inakihoji kiti ulichokalia. Neno anakia lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kutokuwa na mtawala. Likitajwa, wengi wetu huwaza fujo na mabomu. Mabomu yalikuwapo kweli mwishoni mwa karne ya 19, wala sitayafunika. Leo, hata hivyo, nataka tumtazame mtu ambaye kwake uanakisti ulikuwa tabia kabla ya kuwa nadharia.

Peter Kropotkin alizaliwa Moscow mwaka 1842, katika ukoo wa kimwinyi. Baba yake alimiliki watwana wanaume karibu 1,200. Kijana alisomeshwa katika shule ya kijeshi ya watoto wa makabaila, akafika hadi kumhudumia Tsar Alexander II mwenyewe. Alipohitimu mwaka 1862, huku njia ya vyeo ikiwa nyeupe mbele yake, aliomba kupelekwa Siberia.

Siberia ndiyo iliyomfunza. Alishiriki katika kamati ya kurekebisha magereza. Mapendekezo yakaandikwa, yakatumwa juu, yakafia huko. (Nani humu ndani hajawahi kulisindikiza jalada la namna hiyo?) Wakati huohuo aliongoza misafara ya utafiti milimani na mitoni, kwenye nyika ambako amri ya ofisa haimvushi mtu mto. Kinachowavusha watu ni kuelewana. Alianza kuona kwamba cheo humziba macho mwenye nacho. Mimi naiongezea hoja hiyo hivi: aliye juu huletewa habari na wanaomwogopa, kwa hiyo huamua mambo kwa habari zilizokwisha kupakwa rangi.

Mwaka 1871 Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya Urusi ilimwita awe katibu wake. Aliipenda jiografia kupita kiasi, lakini alikataa. Mwaka uliofuata alikwenda Uswisi, kwenye milima ya Jura, akakaa na mafundi wa saa waliofanya kazi katika karakana ndogondogo, mikono ikishughulika huku midomo ikijadiliana. Kiongozi kwao alikuwa fundi mwenzao, na neno lake lilipimwa kama la mwingine yeyote. Wiki moja ilitosha: aliondoka akiwa mwanakisti.

Vifungo vyake vya Urusi na Ufaransa navipita. Siwezi kukipita kosa lake. Vita vya 1914 vilipozuka, mpinga dola huyu aliziunga mkono dola zilizopigana na Ujerumani, na rafiki yake na mwanakisti mwenzake, Malatesta, akampinga hadharani. Falsafa inayoitegemea nafsi ya mtu badala ya amri ina udhaifu huo: hakuna chama cha kumrudi mtu anapoisaliti.

Aliporejea kwao mwaka 1917 alipewa nafasi ya uwaziri katika serikali ya mpito ya Kerensky, akaikataa. Mwaka 1920 alimwandikia Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki waliokuwa wameshika dola, kupinga kukamatwa kwa mateka. Alifariki Dmitrov tarehe 8 Februari 1921, na familia ikakataa maziko ya kiserikali. Wanakisti kadhaa waliokuwa gerezani Moscow waliruhusiwa kumzika, dhamana yao ikiwa ahadi tu. Jioni walirudi gerezani.