Mtihani Si Kazi ya Saga

(Hotuba kwa wazazi na walimu wa Migori na Homa Bay)



Katika nchi ya Waluo, toka Rongo na Oyugis mpaka Mbita ziwani, shamba likimshinda mtu, majirani huja na majembe yao wakalima pamoja, naye mwenye shamba huwapa chakula. Kazi hiyo huitwa saga, nayo ni desturi njema. Mtoto huijua kabla hajajua kuandika jina lake. Basi si ajabu kijana wa kidato cha nne, akiulizwa kwa nini alimwonyesha mwenzake majibu katika chumba cha mtihani, ajibu bila haya kwamba alimsaidia. Kwa fikira zake mwizi ni yule aibaye ng'ombe. Na amnyimaye rafiki jibu ndiye mtu mbaya.

Fikira hizo hazitoki katika uovu, lakini zimepotoka. Katika saga kinachotakiwa ni shamba lilimwe, na mikono iliyolilima haidhuru ni ya nani. Katika mtihani hakuna anayelihitaji jibu lenyewe. Watahini walilijua tangu siku walipoliandika swali. Linalotafutwa ni kujua nguvu za mkono mmoja tu.

Wala si haki kuwalaumu vijana peke yao. Fedha za kununulia karatasi za wizi hazitoki mfukoni mwa mtoto. Hutoka kwa mzazi aliyeuza samaki, au tumbaku, au ng'ombe, akanong'onezwa kwamba upo mchango mdogo, na kwamba shule ya jirani imekwisha toa wake. Mzazi huyo hulipa kwa hofu zaidi kuliko kwa tamaa. Mtoto huona, na funzo hilo hulishika upesi kuliko hesabu. Tena mara nyingi karatasi zenyewe ni za uongo: tapeli huzitangaza katika simu, hupokea fedha kwa M-Pesa, kisha hatafutiki. Naye mzazi hawezi kwenda polisi kushtaki kwamba mali ya wizi aliyoinunua haikuwa ya wizi wa kweli!

Mwaka 2015 mambo yalizidi katika Kenya nzima. Karatasi za mtihani wa KCSE zilitembea katika simu kabla ya saa yake, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Machi 2016 Waziri wa Elimu, Dakta Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani, na Profesa George Magoha akawekwa kuwa mwenyekiti mpya. Karatasi zikatiwa katika makontena ya chuma yenye kufuli mbili, na siku za maombi na za kutembelea wanafunzi zikakatazwa katika muhula wa tatu. Matokeo yalipotangazwa Desemba mwaka ule, waliopata daraja la A walikuwa 141 tu. Mwaka uliotangulia walikuwa 2,685.

Hesabu hiyo yafaa kutazamwa polepole. Haisemi kwamba wote 2,685 walidanganya, la, hasha. Wako waliokesha wakaipata A yao kwa jasho, lakini nani awezaye kuwatenga sasa na wale walionunua? Ndiye huyo aliyeibiwa, msichana wa Mfangano au wa Kuria asiyepokea karatasi ya mtu. Matokeo ya shule yake yakizuiliwa ili uchunguzi ufanywe, hungoja pamoja na waliodanganya.

Sheria ipo, ile ya mwaka 2012, na adhabu zake ni kali, kifungo na faini kubwa. Lakini kufuli hulinda karatasi. Haligeuzi fikira za kijana aliyezoea. Mazoea hayo hayaanzi kidato cha nne. Huanza katika jaribio dogo la Ijumaa la madarasa ya chini, ambapo vitabu viwili huletwa vyenye makosa yale yale mstari kwa mstari, mwalimu akavitia alama sawa kwa kuwa amechoka na darasa ni kubwa. Mwalimu huyo angeweza kuwaita wote wawili Jumatatu asubuhi, mbele ya ubao, kila mmoja afanye swali lake.