Barua ya Rufaa



Tunaposimulia habari za Msamaria Mwema, aghalabu twaishia barabarani, penye mafuta, divai na jeraha lililofungwa. Leo napenda tufike hadi nyumba ya wageni. Msamaria yule alijua mwisho wa uwezo wake. Alimuuguza mgonjwa usiku ule, na asubuhi akamkabidhi kwa mwenye nyumba kwa maneno yake mwenyewe na kwa dinari mbili, tena akaahidi kupitia hapo atakaporudi.

Nayasema haya kwa ajili ya mama mmoja niliyemsindikiza usiku, uchungu umemzidi na mtoto hatoki. Kituo cha afya kilikuwa kimempima damu na kuandika yote vizuri. Karatasi ikabaki mezani. Huko hospitali kubwa hapakuwa na mtu aliyejua kwamba tunakuja. Muuguzi akaanza upya: jina, umri, mimba ya ngapi, kundi la damu. Mama alipona, mtoto hatukumpata. Sisemi kwamba karatasi ndiyo iliyomwua. Lakini dakika zile zilikuwa zake, nasi tulizitumia kuuliza yaliyokwisha kujibiwa. Nami nilikuwapo gari lilipoondoka, sikuuliza barua iko wapi.

Si kwamba hospitali zetu hazina mapatano. Mwaka 1992 serikali ya Tanzania na makanisa walitiliana sahihi juu ya huduma za jamii, na hospitali kadhaa za makanisa ni hospitali teule za wilaya. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya shirika lenye jina la huyu huyu Msamaria Mwema. Hayo ni mambo makubwa. Ila mapatano hutiwa sahihi mchana, na mgonjwa hukabidhiwa usiku, kwa simu iliyopigwa au isiyopigwa.

Tena iko barua ya pili, ambayo twaisahau zaidi: ile ya kurudi. Hospitali iliyompokea mgonjwa huwaandikia waliomtuma iliyoyaona, dawa iliyompa, na siku ya kumtazama tena. Bila hiyo, kituo cha kijijini hakiwezi kumfuatilia mgonjwa wake, wala kujua kama kilichelewa kumtuma.

Wiki mbili baadaye tabibu wa kituo kile alinisimamisha nje ya kanisa. Alitaka kujua kama yule mama alifika.