Bundi Hana Wakili



Sisi wakazi wa jiji tumejizoesha kuamini kwamba ndege wa porini anayewinda kwa kucha hutazamwa Mikumi au Serengeti, tena na mtalii. Leo nakuomba uinue macho hapa hapa Dar es Salaam.

Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, wakati matumbo ya samaki yanapotupwa. Utamwona mwewe, mdomo wake wa manjano na mkia wenye panda. Hushuka kwa kasi, akadaka utumbo kwa kucha, kisha akaula huko huko angani bila kutua. Uangalie mkia ule: anaupinda huku na huku kama nahodha ashikaye usukani. Wafugaji wa kuku wana kesi naye, na siwalaumu, kwani kifaranga akinyakuliwa ni hasara. Lakini mwewe huyo huyo hula panya na mizoga tunayoitupa ovyo.

Mwenzake wa zamu ya usiku ni bundi. Mtaani kwetu yupo mmoja, mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayelala darini mwa nyumba isiyokaliwa. Mwaka jana alilia usiku, na wiki hiyo hiyo mzee mmoja akafariki. Marehemu alikuwa ameugua miezi mingi, Mungu amrehemu. Hata hivyo vijana walishika mawe, wakisema ndege huyo ametumwa.

Sikubishana nao. Niliokota madonge meusi yaliyotapakaa chini ya dari ile. Bundi humeza panya mzima. Mifupa na manyoya havisagiki, hivyo huvitapika vikiwa donge. Tulipasua madonge kumi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tukahesabu mafuvu 23 ya panya. Mwenyekiti akasema: "Huyu si mchawi. Huyu ni mgambo, tena halipwi." Mawe yakatupwa chini.

Kesi ya uchawi ikaisha, lakini ipo nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni sumu ya panya. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi papo hapo. Huzunguka siku kadhaa akiwa mlegevu, na mlegevu ndiye anayekamatwa kwanza. Bundi akimla, amekula na sumu iliyomo ndani yake. Panya huzaa mara nyingi kwa mwaka. Bundi hawezi kushindana naye. Kwa hiyo tunanunua sumu, tunamuua askari, na wezi wanarudi wakiwa wengi.

Usidhani natia chumvi. Nchini India, kuanzia miaka ya 1990, tai wala mizoga walipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Hawakupigwa risasi. Walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo huharibu figo za tai. Serikali ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini wakati huo mizoga ilikuwa imekosa wa kuimaliza, na mbwa wa mitaani walikuwa wameongezeka.

Sisi tufanye nini? Vifaranga wafunikwe tenga. Pipa la taka liwe na mfuniko, maana panya hufuata chakula. Tega mtego kabla ya kukimbilia sumu. Na kabla hujamhukumu ndege yeyote, mtazame kwa juma zima: anatoka saa ngapi, anarudi na nini kuchani. Hakimu hatoi hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi, na ushahidi wa bundi uko chini ya dari yako.

Kwaheri, hadi juma lijalo.